Kabla hujang'oa hilo gego: uzi kuhusu kutibu mzizi wa jino

MenoYaWinam (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni.

Mimi ni daktari wa meno. Niko Kisumu kwa sasa, na kabla ya hapa nilikuwa Nakuru. Nafungua uzi huu kwa sababu kuna jambo linanisumbua moyo. Haipiti siku ya kliniki bila mtu kuingia ameshika shavu na, kabla hata hajakaa kwenye kiti, ananiambia: "Daktari, ng'oa tu." Nikimpiga picha ya eksirei naona mizizi imara, mfupa umelishika jino vizuri, fizi hazina tatizo. Kilichoharibika ni kiini cha ndani peke yake. Namwambia tunaweza kutibu mzizi na jino likabaki. Hapo ndipo yanamwagika yote aliyoyasikia kwenye matatu, kwa jirani na kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Mengi si kweli, na kwa ajili yake watu wazima wenye miaka thelathini tu wanatafuna upande mmoja.

Nieleze kwanza jino lilivyo, maana uvumi mwingi unaanzia hapo. Nje kuna enameli, ngumu kuliko mfupa. Chini yake kuna dentini. Katikati kuna kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoshuka ndani ya mizizi kupitia vijia vyembamba mpaka nchani. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina kijia kimoja. Gego la chini mara nyingi lina mizizi miwili na vijia vitatu, wakati mwingine vinne. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, na mara nyingi vijia ni vinne. Hicho cha nne hujificha, na asiyekitafuta hakioni.

Uozo ukishatoboa mpaka kwenye kiini, bakteria wanaingia na kiini kinavimba. Lakini kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo sababu maumivu yake hayasemeki. Ukilala yanazidi, chai ya moto inayaamsha, na kuna hatua yanafikia ambapo maji baridi pekee ndiyo yanayoyatuliza. Wengi mnaijua hiyo: saa nane za usiku uko uani na chupa ya maji, unapiga funda moja, unalishikilia mdomoni mpaka lipate joto, unatema, unapiga jingine.

Kutibu mzizi ni hivi. Tunatia ganzi. Tunavuta kitambaa cha mpira juu ya jino ili mate yasiingie na vifaa visidondoke kooni. Tunatoboa tundu dogo juu ya jino, tunatoa kiini kilichoharibika, kisha tunapima urefu wa kila kijia na kukisafisha kwa vitupa vyembamba sana vya chuma kinachopindika. Kati ya kitupa na kitupa tunaosha kwa hipokloriti ya sodiamu, kemikali ileile iliyo kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ila kwa kipimo chake na kwa uangalifu mkubwa. Kikishakuwa safi na kikavu tunakijaza gatapacha, utomvu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki ambao madaktari wa meno wanautumia kwenye mizizi tangu 1867. Mwisho tunaziba juu, na gego tunalivalisha kofia, yaani kifuniko kigumu kinacholifunika jino lote kwa juu.

Naomba mliweke hili akilini: mzizi hatuutoi. Kuna mtu aliwahi kuniuliza kama tukishatoa mizizi jino litashikiliwa na gundi. Mizizi inabaki ndani ya mfupa, na nyuzi zinazoliunganisha jino na mfupa zinabaki hai na zinapata damu yake kutoka pembeni. Kwa hiyo hata baada ya matibabu ukiuma kijiwe kwenye githeri utahisi. Jino haliwi maiti inayosubiri kuanguka.

Kuhusu maumivu, maana hilo ndilo linalotisha wengi. Sifa mbaya ya matibabu haya ilitoka enzi ambazo ganzi haikuwa nzuri. Lidokaini, ambayo ndiyo tunayoitegemea mpaka leo, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943. Siku hizi kwa wagonjwa wengi kazi nzima haina tofauti kubwa na kuzibwa jino, isipokuwa inachukua muda zaidi. Uchungu unaousikia kwenye simulizi mara nyingi ni ule mtu aliokuja nao.

Lakini sitawadanganya. Gego la chini lililowaka moto lina ukaidi wake. Nyama iliyovimba inakuwa na asidi, na asidi inazuia ganzi isifanye kazi ipasavyo. Mdomo umekufa ganzi wote, ila ukigusa kiini mtu anaruka. Daktari anayejua kazi yake hatakuambia uvumilie. Ataongeza sindano kando ya jino, au ndani ya kiini chenyewe, atangoja, na atajaribu tena. Kabla hamjaanza, kubalianeni: ukiinua mkono wa kushoto, anasimama. Baada ya matibabu, jino linaweza kuuma kidogo unapotafuna kwa siku chache. Hiyo ni kawaida, na dawa ya kawaida ya maumivu inatosha.

Ulizeni maswali. Nitajibu kadiri nitakavyopata nafasi.

---

Kijana_wa_Kondele

Daktari shukrani. Mimi gego lilinitesa karibu wiki mbili, nikanunua amoksilini kwa kemisti, likanyamaza lenyewe. Sasa ni miezi, halisumbui hata nikinywa maji ya friji. Kuna haja gani ya kwenda kutoboatoboa kitu kilichopona?

MenoYaWinam

Ndugu yangu, swali lako ndilo nililokuwa nalingoja, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo tunapopotezea meno mengi kuliko mahali pengine popote.

Jino lililokuwa likiuma vile halafu likanyamaza, na sasa hata maji ya friji hulisikii, kuna uwezekano mkubwa kwamba kiini kimekufa. Mshipa uliokuwa unapiga kelele haupo tena. Bakteria bado wapo. Sasa wanakaa kwenye vijia, wanakula mabaki ya kiini, na sumu yao inatoka nchani mwa mzizi kuingia kwenye mfupa. Mfupa unarudi nyuma taratibu. Ukipigwa picha leo, huenda tukaona doa jeusi la duara kwenye ncha ya mzizi: pale mfupa umeliwa. Wengine wanaota kipele kidogo kwenye ufizi, kinapasuka, kinatoa kitu cha chumvichumvi, kinafunga, kinarudi. Wakiona kimepasuka wanafurahi. Kumbe ni usaha umejitafutia njia ya kutokea.

Amoksilini nayo uielewe. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu. Ndani ya jino ambalo kiini chake kimekufa hakuna damu inayopita, kwa hiyo kumeza vidonge ni kumwagilia shamba kwa bomba lililokatwa. Kinachoweza kutokea ni kwamba dawa inapunguza wadudu waliokwisha kutoka nje ya mzizi, uvimbe unashuka, unapata nafuu ya muda, na chanzo kinabaki palepale. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 kikishauri kwamba maumivu mengi ya aina hii yasitibiwe kwa antibiotiki wakati mtu anaweza kutibiwa jino lenyewe. Antibiotiki ina nafasi yake pale maambukizi yanaposambaa, kuna homa, au uvimbe unazidi kukua. Kuinunua kila jino likiuma, vidonge sita leo na vinne mwezi ujao, ni kuwafunza bakteria kuizoea. Siku utakapoihitaji kweli kwa nimonia, huenda isikusaidie.

Kuna jaribio la 1965 ambalo nalipenda sana. Watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya mpaka kwenye kiini, wakayaacha wazi. Panya wa kawaida, viini vyao vilikufa na usaha ukaingia. Panya waliolelewa mahali pasipo na kijidudu chochote, viini vyao viliwekwa wazi vilevile na bado vilijiponya, vikajenga dentini mpya. Tundu lilikuwa lilelile. Tofauti ilikuwa bakteria. Ndiyo maana kazi yetu yote pale kwenye kiti ni kuwaondoa wao na kuziba mlango wasirudi.

Nenda ukapigwe picha. Kama sijakuona mdomo siwezi kuapa, lakini jino kunyamaza si cheti cha kupona.

---

Mzee_wa_Maseno

Daktari, sisi wazee wa huku tulitolewa meno sita ya chini mbele tukiwa vijana, na tuliishi. Tuliambiwa ni ili mtu akikazwa taya na pepopunda aweze kupewa uji. Jino halikuwa kitu cha kulilia. Na mama yangu alijua dawa ya kutoa mdudu wa jino kwa mvuke. Mdudu alikuwa anaonekana kabisa akianguka kwenye bakuli.

MenoYaWinam

Mzee wangu, nashukuru kwa kutukumbusha. Desturi ile ilikuwa na maana yake kwa Wajaluo na kwa jamii nyingine za huku, na sitaisemea vibaya. Mlikua pia katika chakula kingine: mtama, samaki, mboga za kienyeji, bila soda na bila chai ya vijiko vinne vya sukari mara tatu kwa siku. Wajukuu zako wanapoteza magego, na gego ndilo linalosaga chakula.

Kuhusu mdudu, imani hiyo ni ya kale sana duniani, haikuwa ya huku peke yake. Ilikuwepo Babeli, ilikuwepo Ulaya. Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye wengi humwita baba wa udaktari wa meno wa kisasa, alieleza mwaka 1728 kwamba alitafuta mdudu kwenye meno yaliyooza na hakumpata. Mbegu za mimea fulani zikipata joto la mvuke hutoa kichipukizi cheupe, na kichipukizi hicho kikidondoka kwenye maji kinafanana kabisa na funza. Mama yako hakukudanganya. Alichokiona ndicho alichokuonyesha.

Vijana wa sasa hawafuati hata mvuke, mzee. Naona waliotia ugoro kwenye tundu la jino, petroli, hata asidi ya betri. Asidi inachoma ufizi na shavu kwa ndani, na mtu anakuja na kidonda kikubwa kuliko jino. Wadau, tafadhali, hayo acheni kabisa.

---

Dada_Kakamega

Samahani kuingilia. Mama yangu ana jino la chini nyuma liliuma tangu juzi. Leo amevimba chini ya kidevu mpaka shingoni, anasema kumeza ni shida na sauti imebadilika. Tumpe antibiotiki gani mpaka Jumatatu?

MenoYaWinam

Dada, usingoje Jumatatu. Mpeleke hospitali kubwa iliyo karibu sasa hivi, kitengo cha dharura, usimpeleke kliniki ya meno. Uvimbe chini ya ulimi na shingoni, pamoja na shida ya kumeza na sauti kubadilika, unaweza kufunga njia ya hewa kwa saa chache. Mwacheni akae wima, msimlaze chali. Mkifika mlangoni semeni maneno haya: "Uvimbe umetoka kwenye jino, unashuka shingoni, hawezi kumeza." Atahitaji dawa ya mshipani na huenda upasuaji mdogo wa kutoa usaha. Ukifika tuandikie.

Dada_Kakamega

Tumefika, wamempokea, wamemwekea dripu na daktari wa upasuaji ameitwa. Asante sana daktari. Nilidhani ni jino tu.

MenoYaWinam

Mungu amjalie. Akishatulia, jino lililosababisha lishughulikiwe kabla hajaruhusiwa au mara tu baada ya hapo. Lisipoguswa, litamrudisha.

---

Mwalimu_Ahero

Daktari, kuna ujumbe ulisambazwa kwenye kikundi chetu cha walimu. Unasema asilimia 97 ya wagonjwa wa saratani walikuwa wametibiwa mzizi wa jino, na kwamba jino lile linabaki kuwa sumu mwilini. Mke wangu amekataa katakata kutibiwa kwa sababu ya ujumbe huo. Nimwambie nini?

MenoYaWinam

Mwalimu, hiyo asilimia 97 imezunguka kwa miaka mingi na nyuma yake hakuna utafiti. Hakuna mahali ilipopimwa. Na hata mtu angekuletea hesabu halisi, ungemuuliza swali ambalo ungemuuliza mwanafunzi wako: je, watu wa umri uleule wasio na saratani, wangapi wametibiwa mzizi? Saratani nyingi huja ukubwani, na ukubwani ndipo watu wengi wamekwisha kutibiwa meno. Mambo mawili kukutana kwa mtu mmoja hakuonyeshi kwamba moja limeleta jingine.

Mzizi wa hofu hii ni wa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1910 daktari Mwingereza, William Hunter, alitoa mhadhara Montreal akilaumu meno machafu na kazi mbovu ya meno kwa maradhi ya mwili mzima. Kisha miaka ya 1920 daktari wa meno wa Cleveland, Weston Price, alichukua meno yaliyotibiwa mizizi, akayapandikiza chini ya ngozi ya sungura, sungura wakaugua, naye akahitimisha kwamba meno yale yalikuwa na sumu. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu Marekani waling'olewa meno kwa wingi ili waponywe baridi yabisi, figo, hata magonjwa ya akili. Magonjwa yao yalibaki na meno yakaenda. Waliojaribu kurudia majaribio yale kwa usafi na vipimo vinavyofaa hawakupata matokeo yaleyale, na kufikia miaka ya 1950 nadharia hiyo ilikuwa imeachwa. Mwaka 2018 ilitoka filamu iliyoirudisha upya, ikaenea haraka, na mwaka 2019 Netflix ikaiondoa baada ya madaktari na watafiti kulalamika.

Kuna jambo la kweli karibu na hapo, na mke wako anastahili kulisikia lote. Maambukizi ya mdomoni yasiyotibiwa si mazuri kwa mwili. Mwenye kisukari, sukari yake inasumbua zaidi fizi zikiwa na ugonjwa. Mwenye matatizo fulani ya vali za moyo anapaswa kumwambia daktari wa meno kabla ya matibabu, maana wapo wanaohitaji antibiotiki ya kinga. Ila haya yote ni sababu ya kuyaondoa maambukizi, na kutibu mzizi ndiyo njia mojawapo ya kuyaondoa. Mwambie hivyo. Na kama bado moyo wake hauko tayari, angalau asiliache jino lenye usaha likae.

---

Mama_Nyalenda

Mimi nina mimba ya miezi mitano na jino limetoboka, usiku silali. Shangazi amesema mjamzito haguswi jino mpaka ajifungue, ganzi itamdhuru mtoto. Na hili ni jino la juu, wanasema limeunganika na jicho.

MenoYaWinam

Mama, pole sana. Uko kwenye kipindi kizuri kabisa cha kutibiwa. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio tunaoupendelea, kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa kubwa la kukutesa kwenye kiti. Lidokaini inatumika kwa wajawazito. Picha ya eksirei ya jino moja ina mionzi kidogo mno, na tunailenga kwenye jino tu. Mwambie daktari mapema una mimba ya miezi mingapi na dawa unazotumia, na ukae umeegemea kidogo upande wa kushoto ili damu izunguke vizuri. Kwa maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo. Ibuprofeni na diklofenaki usijinunulie, na tetrasaiklini usiiguse, inaharibu rangi ya meno ya mtoto. Kinachoweza kukuumiza wewe na mtoto ni kukosa usingizi, kutokula na usaha kusambaa.

Jicho halitaguswa. Meno ya juu na ngozi inayozunguka jicho hupata hisia kupitia mshipa mmoja wa fahamu, ndiyo maana jino la juu likiuma unaweza kuhisi jicho nalo linavuta. Kuona kunapitia mshipa mwingine kabisa. Mpe shangazi salamu zangu, ana nia njema.

---

Mwenyeji_wa_Njoro

Mimi sikubaliani sana na wewe daktari. Nilitibiwa mzizi kwenye kliniki moja, nikalipa pesa nyingi, na baada ya mwaka gego likapasuka katikati nikiwa natafuna muwa. Likang'olewa. Kwa hiyo nililipa mara mbili.

MenoYaWinam

Ndugu, una haki ya kukasirika. Naomba nikuulize: baada ya kutibiwa, ulivalishwa kofia?

Mwenyeji_wa_Njoro

Walinizibia tu. Waliniambia ya kofia nirudi nikiwa na pesa. Halikuwa linauma, sikurudi.

MenoYaWinam

Hapo ndipo palipovunjika. Gego linalofikia kutibiwa mzizi limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mwili wake kwa uozo, na sisi tumetoboa tundu jingine katikati. Kuta zilizobaki ni nyembamba. Ukiuma, zinasukumwa nje, mpaka siku moja zinaachana. Kofia inazishika pamoja. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004, uliofuatilia meno zaidi ya 1,400,000 yaliyotibiwa mizizi. Baada ya miaka 8, asilimia 97 yalikuwa bado mdomoni. Na kati ya yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa yamevalishwa kofia kamili. Takwimu hiyo naitaja kwa kila mgonjwa wa gego. Kliniki inayomaliza mzizi bila kumweleza mtu kwa uzito kwamba kofia ni nusu ya pili ya matibabu haijamtendea haki, na kwa hilo nakuunga mkono.

Jino la mbele lenye uozo mdogo linaweza kuishi bila kofia. Likibadilika rangi na kuwa la kijivu, linaweza kung'arishwa kutoka ndani.

Na ndiyo, matibabu yanaweza kushindwa hata yakifanywa vizuri: kijia kilichofichika, ufa usioonekana, mfuniko unaovuja. Yakishindwa, si lazima jino ling'olewe. Linaweza kufunguliwa na kusafishwa upya, au ncha ya mzizi ikakatwa kwa upasuaji mdogo.

---

Section58

Mimi ni wa Nakuru, nimekunywa maji ya kisima tangu utotoni na meno yangu ni ya kahawia yote. Kuna mtu aliniambia yameoza ndani, nitibiwe mizizi ya meno ya mbele yote ama ning'oe niweke bandia. Kweli?

MenoYaWinam

Hapana! Na kama aliyekuambia anataka kukufanyia kazi hiyo, ondoka kwake. Hayo ni madhara ya floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa inatoa floraidi nyingi kwenye maji ya visima, na mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya taya, enameli inatoka na madoa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko vinapita hapo. Rangi iko kwenye enameli. Kiini chako kinaweza kuwa kizima kabisa. Nimewaona watu wa Nakuru wenye meno ya kahawia yasiyo na tundu hata moja.

Kama rangi inakunyima raha, kuna kusugua tabaka la juu, kung'arisha, au kufunika kwa utando wa rangi ya jino. Yote hayo hayaui jino. Na kwa watoto wako nyumbani: maji ya mvua, au maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, ambayo Nakuru yamekuwepo kwa miaka mingi. Kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yakipungua inazidi kukolea.

---

Boda_Mamboleo

Daktari yote sawa, lakini pesa. Kung'oa ni pesa ya siku moja ya kazi. Hiyo ya mzizi na kofia ni ya mtu mwenye mshahara. Sisi tufanyeje?

MenoYaWinam

Ndugu, hilo silipuuzi, na hakuna daktari wa huku anayeweza kulipuuza. Bei ni mara kadhaa ya kung'oa. Muda ni mwingi, vifaa ni ghali, na gego lina vijia vingi kuliko jino la mbele.

Ila tupige hesabu yote. Gego likitoka, jirani zake huanza kuinamia pengo, na lile la juu hushuka kutafuta mwenzake. Miaka ikipita unahitaji jino bandia, au daraja (jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani), au jino la kupandikizwa kwenye mfupa, na hayo nayo yana bei yake, mengine kubwa kuliko mzizi na kofia.

Ukiwa huna pesa yote leo, usiseme ng'oa kwa sababu ya uchungu wa leo. Muulize daktari kama anaweza kutoa kiini kilichowaka, aweke dawa na kuziba kwa muda. Uchungu unaisha siku hiyo, unalipa sehemu, na unarudi kumalizia. Usikae nalo miezi, mfuniko wa muda huvuja. Jaribu pia hospitali za umma zenye kitengo cha meno, ile ya rufaa hapa Kisumu ambayo wengi tunaiita Russia, au ya rufaa ya kaunti kule Nakuru, uulize kinachofanywa na bei yake. Mwenye bima aulize kwa maandishi kama inalipia mzizi na kofia, maana nyingi zinalipia kimoja zinaacha kingine.

Wapo ambao nitawaambia kung'oa ndiyo sawa. Mzizi ukipasuka kwa urefu, uozo ukishuka chini sana ya ufizi, jino likiwa linacheza kwa sababu mfupa umekwisha, au gego la mwisho lisilokutana na mwenzake, hayo sitakuuzia matibabu ya mzizi. Tundu dogo nalo lizibwe likiwa dogo. Kuziba ni sehemu ndogo sana ya gharama hizi zote.

Boda_Mamboleo

Na nikienda kliniki nitajuaje sidanganywi?

MenoYaWinam

Hakikisha aliyekushika amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Wana orodha kwenye tovuti yao, unaandika jina unaliona. Omba uonyeshwe picha ya eksirei kabla, na nyingine baada ya kazi. Ile ya pili utaona mistari myeupe imejaa ndani ya mizizi mpaka karibu na ncha. Ukiona mstari umeishia katikati, uliza kwa nini. Uliza bei ikiwa imejumuisha yote: picha, mzizi, kuziba na kofia, na kama unaweza kulipa kwa awamu. Uliza kama anatumia kitambaa cha mpira. Akikuambia ataweka dawa ya "kuua mshipa" urudi nyumbani ukae nayo, muulize ni dawa gani. Zamani ilikuwa na aseniki, na aseniki ikivuja inakula ufizi na mfupa. Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya.

Kijana wa Kondele, bado sijasikia kama umepigwa picha.

Kijana_wa_Kondele

Nimepata nafasi Alhamisi daktari. Nitaweka hapa walichoniambia.